Jiko la hoteli ndogo Nairobi: la kununua kwanza na la kununua mwisho

Kama una hoteli ya chakula Kawangware, Githurai au Industrial Area na unataka kupunguza hewa ya ukaa, usikimbilie paneli za sola. Anza na jiko. Stima yetu ni safi kuliko wengi tunavyodhani: karibu asilimia 90 hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mito, upepo wa Turkana na jua. Ukihama kutoka makaa hadi stima, uchafuzi unapungua siku hiyo hiyo, na hujapanda hata paani.

Haya nimeyaona jikoni kwa dada yangu, anayeuza githeri, ndengu na chapati.

1. Sufuria ya presha ya stima. Hii naiweka mbele bila kusita. Maharagwe makavu yaliyokuwa yakichemka asubuhi nzima juu ya makaa huiva kwa takriban saa moja. Ya lita 6 kwa kawaida ni ya wati 1,000. Hata ingevuta stima saa nzima bila kupumzika, ingekula uniti moja tu, kama KSh 30. Nayo haivuti hivyo: ikishapata presha hujizima na kujiwasha yenyewe.

Kabla ya kulipa, fungua kifuniko, uvute ule mpira wa duara ulio ndani, kisha uulize kama duka linauza mpira huo peke yake. Dada alinunua ya kwanza kwa muuzaji asiye na vipuri. Baada ya miezi michache mpira ukalegea, mvuke ukawa unatoka pembeni, presha haipandi. Sufuria nzima ilikaa kabatini kwa sababu ya kipande cha mpira, na makaa yakarudi. Sasa ana mbili za lita 6, moja ya githeri na moja ya ndengu, kila moja kwenye soketi yake ukutani. Ekstensheni ya bei rahisi huyeyuka; mwite fundi wa stima akague nyaya kwanza.

2. Jiko la induksheni, yaani jiko la stima linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku. Lina kasi, halina moto wazi, na mpishi hatoki jasho kama zamani. Lakini sufuria za alumini tulizozoea kununua Kamukunji hazipati moto juu yake. Nenda sokoni na sumaku ndogo: ikishika kitako cha sufuria, na kitako kikiwa bapa, inafaa. Kaango zito la chuma la chapati hushika vizuri. Gharama ya sufuria mpya ihesabu ndani ya bei ya jiko, la sivyo utashtuka.

3. Gesi. Stima ikipotea saa saba mchana, wateja hawangoji, kwa hiyo mtungi wa kilo 13 uwepo. Kila kilo ya gesi ikiungua hutoa kama kilo 3 za hewa ya ukaa, yaani takriban kilo 39 kwa mtungi mzima. Ndiyo maana nimeiweka ya tatu, ingawa moshi wake si kitu ukilinganisha na wa makaa. Nunua kwa wakala mwenye leseni, ukague sili, upime uzito. Mlipuko wa Embakasi wa Februari 2024 ulitokea kwenye kituo cha kujazia gesi kisicho na leseni, na watu walikufa. Punguzo la shilingi mia mbili halifai hatari hiyo.

4. Jiko la makaa lenye udongo ndani. Limekuwapo tangu miaka ya 1980 na hula makaa machache kuliko lile la bati tupu. Hata hivyo kilo moja ya makaa kutoka tanuri la kienyeji humeza kilo sita za kuni au zaidi, na moshi wake unaishia kifuani mwa mpishi. Nunua tu kama nyumba uliyokodisha haina stima ya kutosha. Gonga udongo kwa kidole ukisikiliza: mzima huitika kama chungu kipya, wenye ufa hutoa sauti butu. Huo wenye ufa, mrudishie fundi akupe mwingine papo hapo.