Barkhad Abdi ndani ya Captain Phillips: adui aliyenichanganya stelingi ni nani

Assalaam aleikum, hamjambo watazamaji wangu. Leo sikurekodi chumbani. Niko Mama Ngina hapa Mombasa, huku upande wa Lighthouse, na nyuma yangu ndio mlango wa meli za bandari ya Kilindini. Mkiona meli yapita nyuma ya kichwa changu mjue nimekuja makusudi. Na huo mchachariko mnaousikia ni mama hapa pembeni anakaanga mihogo, sauti ya kamera iko sawa.

Bidhaa ya leo ni filamu: Captain Phillips, ya mwaka 2013, mwongozaji Paul Greengrass, dakika 134. Najua wengi mmeiona. Lakini wengi mliiona kwa ajili ya Tom Hanks, na mimi leo nataka muirudie kwa ajili ya mtu mwingine. Yule kijana mwembamba, meno ya mbele yamejitokeza, macho yamezama ndani. Barkhad Abdi.

Kwa nini nimekuja kusimama hapa? Kwa sababu meli ile, Maersk Alabama, ilikuwa yaja hapa. Mwezi wa Aprili 2009, mabaharia 20, imebeba shehena na ndani yake chakula cha msaada, safari yake mwisho Mombasa. Maharamia wanne wakaipanda baharini tarehe 8. Nahodha, Richard Phillips, wakaondoka naye ndani ya boti ya kuokolea watu, na meli yenyewe ikafika Kilindini bila nahodha wake. Imepita hapa hapa nyuma yangu. Kwa hivyo mwanzo wa filamu Hanks anapotaja kuwa wanaelekea Mombasa, wallahi mimi hukaa vizuri kitini. Hadithi hii sisi tulikuwa mwisho wake wa safari, na miaka ile maharamia walikuwa wakiletwa kushtakiwa huku kwetu, mpaka mwaka 2010 kukafunguliwa chumba cha mahakama pale Shimo la Tewa kwa kesi hizo.

Sasa nisikizeni. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya filamu, viti vya mbao, feni moja, tulifundishwa mapema sana kuna watu wawili tu katika filamu: stelingi na adui. Stelingi hafi. Adui anapigwa, kibanda kizima kinashangilia. Ukiingia umechelewa, swali la kwanza unamuuliza aliyekaa karibu nawe, "Stelingi ni yupi?" Hiyo ndiyo dira yetu. Na Barkhad Abdi ndiye muigizaji wa kwanza kunivuruga dira hiyo. Stelingi ni Hanks, hilo halina ubishi, amefungwa, anaumia, namuonea huruma. Lakini yule aliyeshika bunduki kila nikimtazama namjua. Nimeshamuona mtaani.

Tuanze na pale kijijini. Dakika za mwanzo, ufukweni Somalia. Wanakuja wenye silaha, wanataka meli, watu watoke sasa hivi. Vijana wanajazana, kila mmoja anataka achaguliwe aingie mashuani. Muse, ndilo jina la mhusika wa Abdi, anawapitia mmoja mmoja. Mwaijua picha hii. Nenda alfajiri kwenye lango la bohari lolote Shimanzi uone vibarua wanavyosimama, kila mmoja anajinyoosha aonekane ana nguvu kumshinda mwenzake. Abdi pale hafanyi jambo kubwa. Anapita tu, anatazama. Lakini tazama mabega: anayachagua makundi ya watu huku yeye mwenyewe ana wasiwasi kama ataonekana mkubwa wa kutosha kuchagua. Mtu anayeamrisha huku ameomba nafasi ya kuamrisha. Hilo kuliigiza bila maneno si kazi ndogo, na huyu jamaa alikuwa hajawahi kuigiza filamu hata moja maishani.

Ndio, hata moja. Amezaliwa Mogadishu mwaka 1985, vita vikaikimbiza familia yao Yemen, halafu akafika Minneapolis, Marekani, akiwa kijana wa miaka 14. Ameendesha magari ya kukodi, ameuza simu dukani. Siku moja akaona tangazo kwenye televisheni kwamba wanatafutwa Wasomali wa kuigiza. Waliojitokeza ni zaidi ya 700. Waliochukuliwa ni wanne, marafiki: yeye, Barkhad Abdirahman, Faysal Ahmed na Mahat Ali. Wakapelekwa Malta, wakafunzwa kuogelea, kuendesha mashua yenye kasi, kupanda ngazi kwenye ubavu wa meli inayokwenda. Ile ngazi mnayoiona ikiyumba, wanaipanda wao.

Halafu Greengrass akafanya uamuzi ambao mimi naona ndio uliobeba filamu yote. Akawazuia wasionane na Tom Hanks. Wiki nzima nzima wako kazi moja, hawajapeana mkono, hawajanywa chai pamoja. Mara ya kwanza kutazamana ni kamera zikiwa zinazunguka, mlango wa chumba cha usukani unafunguliwa kwa kishindo, bunduki mbele. Hanks ana Oscar mbili nyumbani kwake. Abdi ana mafunzo ya kuogelea.

Na hapo ndipo yanapotoka maneno yaliyozunguka dunia. Anamwambia amtazame, kisha anamwambia sasa nahodha ni mimi. Mmeyaona kwenye vibandiko vya simu, mmeyatuma kwa watu mkicheka. Naomba leo muyasikie upya. Maneno yale hayakuwa kwenye muswada, Abdi ameyatoa mwenyewe pale pale. Na sikizeni anavyoyasema: hapigi kelele! Mtu mwingine yeyote angepiga kelele. Yeye ananyoosha vidole viwili kwenye macho yake, sauti iko chini, karibu ya upole, kama fundi mkuu anayemuelewesha kibarua mpya kazi inavyokwenda. Anayetisha kweli hahitaji kupaza sauti, na hilo mtu aliyekulia vitani hahitaji kufundishwa darasani.

Lakini mimi si hapo ninapompa alama nyingi. Alama zangu ziko kwenye maongezi mawili madogo ambayo watu huyapita.

La kwanza ni pale anapotajiwa pesa zilizo ndani ya kasha la meli, dola 30,000. Anauliza kwani yeye ni ombaomba. Sasa angalia uso. Dola 30,000 kwa kijana yule, nguo zile, viatu vile, ni utajiri wa kubadilisha ukoo. Na uso wake unajua. Kuna nukta moja hivi, fupi kabisa, unaona ameshazihesabu, halafu anazikataa kwa sababu kule ufukweni kuna wakubwa wanaosubiri mamilioni. Ametukanwa na ameshawishika kwa wakati mmoja. Vyote viwili vimo usoni, na hakuna kinachomfunika mwenzake.

La pili ni ndani ya ile boti. Muse anajisifu kwamba mwaka uliopita aliteka meli ya Wagiriki, zikalipwa dola milioni sita. Phillips anamuuliza: milioni sita, sasa wewe wafanya nini hapa? Abdi hana jibu. Ananyamaza. Jamani, kile kimya! Nimekirudia mara nyingi sana. Ni kimya cha mtu aliyeulizwa swali ambalo amekuwa akijiuliza usiku, na aliyeuliza ni mateka wake. Baadaye Phillips anamwambia lazima kuna kazi nyingine mbali na uvuvi na kuteka watu, naye anajibu kwa maneno machache tu, kwamba labda Marekani. Labda Marekani. Halii, haombi huruma yako. Anasema kama mtu anayetaja bei ya unga.

Kaka zangu mnaovua huku Likoni, Shimoni, Kipini, kuna sentensi moja anaitupa kuhusu meli kubwa za kigeni zinazokuja kuzoa samaki wote, na wao wabakie na nini. Mkiisikia mtaelewa kwa nini niliisimamisha filamu nikaenda kupumua kidogo.

Na hapa ndipo kasoro kubwa ya bidhaa hii ilipo, niseme wazi. Filamu inampa Phillips nyumba, mke, gari, maongezi ya kuhusu watoto wanaoanza maisha. Tunamjua kabla hajapanda meli. Muse hapewi mama, hapewi mlango wa nyumba, hapewi hata mtu wa kumuaga. Kijiji kinaonyeshwa dakika chache halafu tumeshaondoka. Yote tunayoyajua juu ya mtu huyu tumeyapata kwenye uso wa Abdi, kwa sababu kwenye muswada hayamo. Hata upande wa Wamarekani hadithi ina walakini wake, baadhi ya mabaharia waliokuwemo melini walijitokeza kupinga vile nahodha alivyochorwa shujaa. Na ile sehemu ya meli za kivita, amri za redio, wanajeshi wanaoruka kwa miavuli, kwangu mimi inachosha. Ni vyuma vingi. Nilikuwa nataka turudi ndani ya boti.

Hanks simnyimi haki yake. Dakika za mwisho, ameokolewa, amelowa damu, anapimwa na mhudumu wa tiba ambaye ni mwanajeshi kweli wa jeshi la maji la Marekani, hakuwa muigizaji, na mandhari ile hawakuiandika, waliibuni siku hiyo hiyo. Anatetemeka, hawezi kumaliza sentensi. Ni kazi kubwa mno. Ajabu ni kwamba Oscar hawakumteua kabisa mwaka ule. Aliyeteuliwa ni Abdi.

Ila kabla ya mandhari hiyo kuna nyingine. Muse ametolewa kwenye boti, amepandishwa manowari kwa ahadi kwamba wazee wake wanakuja kujadiliana. Anaambiwa hakuna wazee. Wenzake watatu wamekufa. Na yeye anapelekwa Marekani, kushtakiwa. Mnakumbuka alivyokuwa akiitaja Marekani kama peponi? Sasa anapelekwa, na pingu mikononi. Muse wa kweli alihukumiwa New York mwaka 2011, zaidi ya miaka 33. Kibanda chetu cha zamani kingeshangilia hapo, adui amekamatwa. Mimi sikuweza.

Februari 2014 Abdi akashinda BAFTA, tuzo ya filamu ya Waingereza, kule London, muigizaji msaidizi bora. Machi usiku wa Oscar akaikosa, ikaenda kwa Jared Leto, na usiku ule ule Lupita wetu akaichukua ya wanawake kwa 12 Years a Slave. Sote tulikesha kwa Lupita na ni haki. Lakini fikiria, mwana wa Kisumu na mwana wa Mogadishu ukumbi mmoja, usiku mmoja. Lupita alikuwa ametoka chuo cha Yale. Abdi iliripotiwa alilipwa dola 65,000 kwa filamu iliyogharimu dola milioni 55, na baada ya kupiga picha alirudi Minneapolis kuuza simu.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nafasi alizopewa baadaye ni ndogo kuliko alivyoonyesha. Good Time ya 2017, mlinzi wa usiku. Blade Runner 2049, mwaka huo huo, mandhari moja, anakumbukwa na waliotulia kutazama. Mwenye uwezo huu angekuwa mwingine, wangekuwa wanamwandikia filamu.

Iko moja waliyomtendea haki, nayo nataka muitafute baada ya hii. Eye in the Sky, ya 2015. Hadithi iko Nairobi, ingawa picha wamezipiga Afrika Kusini. Wakubwa wote wamekaa maofisini mbali, Helen Mirren, marehemu Alan Rickman, wanabishana kama kombora lirushwe au la. Chini mtaani yuko Abdi peke yake, jasusi, na pembeni ya nyumba inayolengwa kuna mtoto wa kike anauza mikate. Hawezi kumwambia ondoka. Basi anafanya nini? Anakwenda kununua mikate yote. Ile namna anavyohesabu noti, haraka ya mikono na utulivu wa uso, ili mtoto asiogope na wenye bunduki wasishtuke! Mikate. Wenzake wana setilaiti na ndege, yeye ana noti na mikate, na ni yeye anayekukaba koo.

Na wale wenzake watatu walioigiza maharamia pamoja naye pia msiwasahau. Abdirahman na Faysal Ahmed wamo kwenye Watu Wote ya 2017, filamu fupi ya Kiswahili na Kisomali kuhusu basi la Mandera lililoshambuliwa Desemba 2015, Waislamu wakawakinga Wakristo. Iliteuliwa Oscar mwaka 2018. Hiyo nitaichambua peke yake, dakika mbili haziitoshi.

Haya, hukumu ya bidhaa. Filamu naipa saba kwa kumi. Abdi namuongezea mbili juu yake. Watoto wadogo walale kwanza, kuna damu. Bando yako itakwenda, lakini haitakwenda bure. Na kama una jirani Msomali, mwite mtazame pamoja, kwa sababu maongezi yao wanne wenyewe kwa wenyewe ni Kisomali, na maandishi ya chini ya skrini hayabebi kila kitu. Mimi niliitazama mara ya pili na jirani yangu, akawa ananieleza nani anamdharau nani kwa namna anavyomjibu tu. Nikaona filamu nyingine kabisa.

Ukimaliza, rudi pale kwenye lile swali la milioni sita. Zima sauti. Usimtazame Hanks, mtazame Abdi peke yake mpaka mandhari iishe, halafu uje uniandikie hapo chini umeona nini.