The Lioness ya Chris Bohjalian: nyota wa Hollywood atekwa Serengeti

Nilichovutiwa nacho katika riwaya hii ya Kimarekani, iliyotoka mwaka 2022, ni kwamba mambo yake yanatokea Serengeti mwaka 1964, nami nilitaka kuona mwandishi wa mbali ameitendeaje nchi yetu. Katie Barstow, mwigizaji mwenye jina kubwa Hollywood, anakuja fungate na mumewe, David Hill, wakiwa wamefuatana na kundi zima la marafiki, akiwemo mwigizaji mweusi Terrance Dutton. Safari haijakolea, mamluki wa Kirusi wanavamia, waongozaji wanauawa, na wageni wanasukumwa ndani ya Land Rover kwa mtutu wa bunduki.

Kwa upande wa taharuki, mwandishi anajua kazi yake. Sura hupokezana wahusika, kwa hiyo unaachwa roho juu na huyu ndipo unapohamishiwa kwa yule. Kila sura hutanguliwa na kipande cha umbea wa magazeti ya sinema, cha kubuni, na vipande hivyo nilivipenda kuliko nilivyotarajia, kwa sababu vinaonyesha watu waliozoea kutazamwa na kupendwa, ambao sasa wako mahali ambapo umaarufu haumzuii mtu kupigwa risasi. Kinachochosha ni kurudishwa nyuma mara kwa mara: mtu ameshikiwa bunduki, nasi tunapelekwa California kusimuliwa maisha yake ya zamani.

Mimi niliganda zaidi kwenye kambi yenyewe. Barafu ya vinywaji vya jioni inatengenezwa kwa mashine inayotumia mafuta ya taa, na maji ya kuoga wageni yanapashwa moto na Watanzania, katika nchi iliyopata uhuru miaka mitatu tu kabla. Mwandishi anauona mkanganyiko huo na haurembi. Vita Baridi navyo si pambo, wala vurugu za Kongo, ambako waasi wa Simba waliiteka Stanleyville Agosti mwaka huohuo. Msomaji wa hapa, hata hivyo, ataisoma akikumbuka na ya kwetu: Mapinduzi ya Zanzibar na maasi ya askari wa Tanganyika, yote ya Januari, kisha Muungano wa tarehe 26 Aprili. Mwaka wenye mambo hayo ulistahili nafasi kubwa zaidi ya ile ya mandhari.

Ndiyo maana Benjamin Kikwete, kijana anayefanya kazi kambini, ndiye niliyekuwa nikimsubiri kila nilipofungua sura mpya. Ana akili, anaijua ardhi anayoikanyaga, na anawaona wageni kwa jicho ambalo wao wenyewe hawana.

Wenye moyo mwepesi wajue kwamba damu ni nyingi na wanyamapori nao wana zamu yao. Nimeipa nyota nne. Ya tano ningeitoa kama Benjamin angepewa kurasa nyingi zaidi.