Rangi ya mafuta ya kopo: maoni ya mshonaji anayechora usiku

Ingia duka la vifaa vya ujenzi uombe rangi ya mafuta kopo la robo lita. Muuzaji atakuuliza, "Geti au dirisha?" Mimi hujibu, "Mchoro," anacheka, halafu ananipa ileile ya geti. Hiyo ndiyo ninayoizungumzia hapa: enameli ya kung'aa, ya mageti, madirisha na viti vya chuma. Kampuni sitaji, maana nimetumia za kampuni tofauti na tabia zao hazipishani sana.

Mchana nashona, Temeke. Usiku, nikishafunika cherehani, nachora. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa akriliki za mirija, na sina ugomvi nazo: zinakauka upesi, brashi unaosha kwa maji, harufu hazina. Tatizo ni bei. Rangi ikiwa ghali mkono unaogopa. Nilikuwa nakamua kidogo kidogo, nachora watu wadogo katikati ya karatasi kubwa, pembeni kote kweupe. Nikiitazama michoro ile leo naona watu walioomba ruhusa ya kusimama pale. Siku nilipochukua fedha ya seti moja nzuri ya akriliki nikaenda nayo kwa muuza rangi, nilirudi na nyeusi, nyeupe, nyekundu na njano, chupa ya tina ya kupunguzia rangi na vipande vya hadibodi, na nauli haikunipiga chenga. Mtu wa kwanza niliyemchora kwenye ubao ule kichwa chake kiligusa ukingo wa juu.

Sasa tabia yake. Enameli inajisawazisha yenyewe. Ukiipaka vizuri, mistari ya brashi inapotea baada ya muda mfupi na uso unabaki laini. Lakini ukirudi kuigusa ikishaanza kushika, inang'ang'ania brashi na kuacha makovu. Jirani yangu ni fundi rangi wa majumba. Aliniona napapasa shavu la mtu kwenye ubao akaniambia, "Dada, hiyo haitaki kubembelezwa. Weka, ondoka." Sijapata somo la sanaa lililonifaa kuliko hilo. Unapaka mandhari ya nyuma, unaenda kulala, asubuhi unaweka umbo, unasubiri tena, ndipo unaweka mistari na madoa. Kwa hiyo uamuzi unafanyika kabla ya brashi kuingia kwenye kopo. Mshonaji anaijua hali hiyo: mkasi ukishaingia kwenye kitambaa cha mteja, hakuna kurudi. Ajabu ni kwamba kwenye nguo sijawahi kuogopa kukata, ila kwenye mchoro nilikuwa nafuta na kufuta mpaka karatasi inatoboka. Rangi hii imeninyima kifutio, na mkono umetulia.

Huwezi kuisema rangi hii Dar es Salaam ukamruka Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora hapa mjini mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli, nazo ni enameli, juu ya vipande vya hadibodi, vingi vikiwa kama sentimita 60 kwa 60. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Muda wake wa kuchora ulikuwa mfupi kiasi hicho, na bado jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Waliomfuata ndio walioanzisha ushirika ulioko Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, na makopo wanayotumia ni hayahaya. Nenda ukatazame mkono unavyoweka madoa ya chui: gusa, inua, gusa, inua, hakuna doa linalorudiwa. Na asikudanganye mtu kwamba hii si rangi ya wasanii. Mchoraji Picasso alitumia Ripolin, enameli ya majumbani ya Ufaransa, na mwenzake Jackson Pollock kule Marekani alikuwa anaidondoshea rangi za namna hii turubai iliyolala sakafuni.

Kero ya urithi huo ni kwamba watu wakiona enameli inang'aa juu ya ubao wanatafuta twiga na Mlima Kilimanjaro. Mimi nachora kibandani kwangu. Kuna ubao nimeutundika juu ya cherehani: mama amenyanyua mikono, futi ya njano imemzunguka kiunoni, macho kafumba, amebana pumzi ili kipimo kipungue. Mandhari yote nyuma yake ni nyekundu, bila hata ukuta. Mteja aliyekuja kuchukua gauni la kitchen party aliutazama akauliza, "Mbona hakuna twiga?" Nikamwambia twiga hajaleta kitambaa. Akacheka, akasogea karibu, kisha akasema polepole, "Huyu anabana tumbo." Akajishika tumbo lake. Tangu hapo sijauliza tena kama ninachokichora ni "sanaa" au la; nauliza tu nani anafuata.

Kasoro zipo, na si za kupuuza. Harufu ni kali. Usichore chumba unacholala, fungua madirisha, na tina isikae karibu na jiko la mkaa. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi (lead), kwa hiyo tafuta kopo lililoandikwa kwamba haina, na usikwangue geti kuukuu kwa msasa ukavuta vumbi lake. Nyeupe inageuka njano, hasa mchoro ukifichwa gizani. Ulio uvunguni mwa kitanda utaugua kuliko ulio ukutani. Ukichorea amerikani, tanguliza rangi ya maji, maana mafuta yakigusa pamba tupu yanaiozesha taratibu. Kinyume chake usijaribu: rangi ya maji juu ya enameli inabanduka. Na mteja akitaka kusafiri na mchoro wa kitambaa, uviringwe upande wa rangi ukiwa nje, juu ya bomba pana, la sivyo utajikunja na kupasuka.

Kopo likishafunguliwa linaota utando. Usiukoroge. Ukate pembeni kwa kisu, uutoe mzima, kisha gonga kifuniko kisawasawa na ulihifadhi kopo likiwa juu chini. Kahawia ya dukani, ile ya milango, kwa ngozi ya mtu haifai, imekufa. Nachanganya nyekundu, njano na nyeusi kidogo, na kila mtu anapata ya kwake.

Nyota nne kwa tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya harufu na ule unjano. Anayependa kurekebisha rekebisha, au mwenye watoto wadogo kwenye chumba kimoja, abaki na akriliki. Anayeanza achukue nyeusi na nyeupe, robo lita inatosha, aongeze nyekundu akishazoea. Akiba asiifanyie kwenye brashi. Zile za ukutani zinapukutisha nywele, na kuchomoa unywele kwa kibano kwenye shavu la mtu ambalo bado bichi ni kazi nisiyomwombea hata adui.