Jeli ya adapaleni na chunusi zangu: uzoefu wangu baada ya mwaka na ushee

Nianze na jibu, maana najua wengi mnaosoma mnatafuta jibu: ndiyo, imenisaidia. Jeli ya adapaleni ya asilimia 0.1, dawa ya chunusi ya kupaka, imefanya kwenye uso wangu kazi ambayo sabuni za mwarobaini, manjano na asali, vidonge na krimu za kila aina hazikuifanya tangu nikiwa sekondari. Lakini haikuifanya haraka, na wiki za mwanzo uso wangu ulikuwa mbaya kuliko nilivyoanza. Hapo ndipo watu wengi wanapoitupa tyubu, na hiyo ndiyo sababu hasa iliyonifanya niandike.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini kasoro, naishi Dar es Salaam, ngozi yangu ni nyeusi na ya mafuta. Kwenye paji la uso nilikuwa na vipele vidogo vigumu visivyo na usaha, vile unavyovihisi kwa kidole kabla hujaviona kwenye kioo. Puani vinundu vyenye nukta nyeusi. Kidevuni, kila hedhi ikikaribia, yanatoka majipu madogo ya ndani yanayouma hata ukiegemeza uso kwenye mto. Ila kilichoniumiza zaidi hakikuwa chunusi zenyewe, yalikuwa madoa. Chunusi inakauka ndani ya wiki, doa lake linakaa miezi. Wenzangu wenye ngozi kama yangu wanaelewa ninachosema: unapona na bado unaonekana mgonjwa.

Daktari wa ngozi niliyemwona, mama wa makamo, hakuanza na uso. Aliniuliza, "Nywele unapaka mafuta gani?" Nilikuwa nimesuka, na mafuta mazito niliyokuwa nikipaka mistarini yalikuwa yanashuka na jasho hadi kwenye paji la uso. Akasema tuanze hapo kwanza, ndipo akaandika dawa. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyarudia kwa kila aliyeniuliza tangu siku ile: "Mwanangu, hii haitibu chunusi unayoiona. Inazuia ile ambayo bado hujaiona."

Alinieleza hivi. Ndani ya kinyweleo, seli za ngozi zinazokufa zinatakiwa zidondoke na kutoka nje na mafuta. Kwa mtu mwenye chunusi zinagandamana na kuziba njia. Mafuta yanarundikana nyuma ya kizibo, bakteria wanazaliana humo, ngozi inavimba. Kizibo hicho huanza kujengeka wiki nyingi kabla ya chunusi kutokeza, kwa hiyo ukipaka dawa juu ya kipele kilichotokeza peke yake umechelewa. Retinoidi kama adapaleni, yaani dawa za ukoo wa vitamini A, inafanya seli zikue na kudondoka kwa mpangilio, vizibo visijengeke, na inatuliza uvimbe pia. Ndiyo maana inapakwa eneo lote linalotoa chunusi, hata pale palipo safi leo, na ndiyo maana madaktari wanasema usiihukumu kabla ya wiki 12.

Dawa hizi zina ukoo. Mkubwa wao ni tretinoini, inayotokana na vitamini A, ambayo Marekani iliidhinishwa kwa chunusi mwaka 1971. Adapaleni ilitengenezwa maabara baadaye na kuidhinishwa huko mwaka 1996. Haichomi sana kama tretinoini na haiharibiki kirahisi kwa mwanga. Mwaka 2016 Wamarekani waliruhusiwa kununua jeli ya asilimia 0.1 bila cheti cha daktari. Kuna jambo moja katika historia hii ambalo mtu mweusi anayepaka dawa za ukoo huu anastahili kulijua. Anayetajwa zaidi kwa kuifanya tretinoini kuwa dawa ya chunusi ni daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na kwa miaka mingi, hadi 1974, majaribio yake ya ngozi yalifanyika katika gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, kwenye miili ya wafungwa ambao wengi wao walikuwa weusi. Kitivo cha udaktari cha chuo hicho kiliomba radhi mwaka 2021, jiji likafuata mwaka 2022. Kutumia dawa natumia, na nashukuru ipo. Lakini wale watu wakumbukwe.

Sasa matumizi. Usiku naosha uso kwa sabuni laini isiyo na chenga za kusugulia, nafuta kwa taulo safi kwa kugandamiza bila kusugua, halafu nasubiri uso ukauke kabisa. Kwenye joto la Dar hii ni kazi, uso unatoka jasho tena kabla hujaweka taulo chini, kwa hiyo nakaa mbele ya feni. Kisha losheni nyepesi isiyo na manukato. Ndipo natoa jeli kiasi cha punje ya njegere, ya uso mzima hiyo. Naigawa nukta: mbili kwenye paji la uso, moja kila shavu, moja kidevuni, moja ndogo sana puani, halafu naisambaza taratibu mpaka isionekane. Kope, pembe za pua na pembe za mdomo sigusi. Hapo natangulia kupaka vaselini ili dawa ikiteleza isikae. Kuanzia losheni kabla ya jeli ndiyo siri niliyopewa na daktari kwa ngozi inayochubuka haraka, na sijaona kama imepunguza nguvu ya dawa. Nilianza kwa kupaka usiku mmoja naruka mmoja. Baadaye nikapanda hadi kila usiku.

Wiki ya pili ngozi ikaanza kutoa magamba, hasa kuzunguka mdomo. Nilijua nikila kachumbari yenye ndimu: ile ndimu ilikuwa inanikumbusha kila mahali palipochubuka. Poda ikawa haikai, inashika kwenye magamba na kufanya mabaka. Halafu vikaja vipele, vingi kwa mpigo, paji zima la uso. Kazini dada mmoja akaniuliza kama nina tetekuwanga. Mama aliponiona alisema, "Mwanangu, hiyo dawa inakuchoma, iache." Nilimpigia daktari. Akauliza maswali matatu: panauma? pamevimba? panatoa maji? Nikasema hapana, ni vipele na ukavu tu. Akasema dawa inavisukuma juu vile vilivyokuwa vimejificha, nipunguze hadi usiku mmoja kila baada ya siku mbili mpaka ngozi itulie, nisiache. Angesikia ngozi inaungua angenisimamisha, alisema hivyo waziwazi. Kwetu wenye ngozi nyeusi tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu muwasho wenyewe, ukizidi, nao unaacha doa. Unaweza kutibu chunusi na kujipa madoa mapya kwa dawa ileile.

Ndicho kilichompata mdogo wangu wa kiume, yuko Dodoma anasoma. Aliona maendeleo yangu, akanunua tyubu yake, akapaka kama mafuta ya kujipaka, asubuhi na usiku, na kule hewa ni kavu na upepo una vumbi. Ndani ya muda mfupi mashavu yalibabuka hadi kunawa maji kulimuuma. Alipumzika, akapaka vaselini tu mpaka ngozi ikarudi, akaanza upya kwa usiku mbili kwa wiki. Leo uso wake ni mzuri kuliko wangu, na anatumia dawa kidogo kuliko mimi. Wanaume wanaonisoma, kitu kimoja alichojifunza: usiku aliopanga kunyoa kesho yake asubuhi hapaki. Na kinadada mnaoondoa vinyweleo vya uso kwa nta, simamisheni nta kabisa mkiwa kwenye dawa hii, inaondoka na ngozi.

Kuna jambo linalonikasirisha na sitalipita kimya. Kabla sijafika kwa daktari, kwenye duka moja la vipodozi niliuzwa kikopo kisicho na karatasi wala jina la mtengenezaji, nikaambiwa ni "ya chunusi na madoa". Siku nne uso ukawa laini kama wa mtoto. Kilipoisha, chunusi zilirudi kwa makundi, nyekundu, zinawasha, na mashavuni vikaanza kuota vinyweleo. Daktari alipoona alisema dalili hizo ni za steroidi kali, zinazochanganywa kwenye mkorogo. Steroidi inazima uvimbe, kwa hiyo unadhani umepona, kumbe inakondesha ngozi na ukiiacha inakulipiza. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua rangi, na bado mikorogo inauzwa kwa wasichana wa sekondari wanaotafuta tu uso usio na vipele. Huyo muuzaji ana watoto wa kike, niliwaona dukani. Adapaleni haichubui rangi. Ngozi yangu ni nyeusi kama ilivyokuwa, ila imelingana.

Jua sasa. Ukitumia retinoidi ngozi inakuwa nyepesi kuungua, na madoa yanazidi kuwa meusi kwa jua, kwa hiyo asubuhi lazima mafuta ya kukinga jua, yenye kipimo cha kinga cha SPF 30 kwenda juu. Nimesikia mara nyingi kwamba mtu mweusi hayahitaji. Kuungua kweli hatuungui upesi, lakini doa linalolishwa jua kila siku haliondoki, na mimi ni mtu wa kukaa dirishani kwenye daladala. Shida ni kupata yasiyotuacha weupe kama tumepakwa majivu. Yaliyonifaa ni yenye rangi ya kahawia ndani yake. Ile rangi inatokana na oksaidi ya chuma na yenyewe inasaidia kuzuia mwanga unaokoleza madoa. Nchini kwetu mafuta ya jua yanatengenezwa Moshi kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwao ni suala la uhai, na natamani siku moja viwanda vyetu vitengeneze pia ya rangi zetu nyingine kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu.

Rafiki yangu wa kazini yeye alipewa tretinoini ya asilimia 0.025. Anasema imempa matokeo mazuri hata kwenye madoa, ila magamba yalimtesa zaidi kuliko mimi, na ilibidi aitumie usiku tu maana mwanga unaiharibu. Alipoanza kutafuta mtoto daktari wake alimsimamisha. Hili kina mama na kina dada mlizingatie: retinoidi za kupaka hazishauriwi wakati wa ujauzito, na ile inayoitwa tazarotini imekatazwa kabisa. Mwambie daktari kama una mimba, unaitafuta, au unanyonyesha. Asipokuuliza, mwambie wewe.

Matokeo yangu? Mwezi wa tatu ulipokuwa unaisha, vile vipele vya paji la uso vilikuwa vimekwisha, nikipitisha kidole hakuna kitu. Nukta za puani zimepungua sana. Madoa yalichukua muda mrefu zaidi, karibu nusu mwaka kabla sijatoka nyumbani bila poda. Mashimo mawili ya zamani shavuni yapo palepale, jeli haijayagusa, na daktari alikuwa ameniambia mapema kwamba makovu ya shimo yanataka tiba nyingine. Kidevu bado kinanisumbua hedhi ikikaribia, ila badala ya majipu matatu ni moja, tena dogo. Kwa hilo niliongezewa benzoili peroksaidi, dawa ya kuua bakteria wa chunusi, ya asilimia 2.5 asubuhi, kidevuni tu. Inakwenda vizuri na adapaleni, lakini imechujua rangi ya foronya zangu mbili na kanga moja niliyoipenda, kwa hiyo sasa nafutia taulo jeupe.

Kuhusu kununua: nendeni famasi iliyosajiliwa, siyo duka la vipodozi wala mtu wa mtandaoni asiye na anwani. Angalieni tarehe ya kuisha muda, kisanduku kisiwe kimefunguliwa, na karatasi ya maelezo iwe ndani. Ninayotumia imetengenezwa India, bei yake ni nafuu kuliko ile ya kampuni kubwa na sijaona tofauti. Tyubu ya gramu 15 inanifikisha mbali kwa sababu ya kile kipimo cha njegere, hivyo ukigawa bei kwa miezi ni rahisi kuliko makopo niliyokuwa nanunua kila mwisho wa mwezi. Iwekeni mahali pa baridi kidogo. Juu ya friji au dirishani siyo mahali pake.

Wengi wananiuliza kama nitaacha sasa kwa kuwa uso umesafika. Hapana. Nimeshuka hadi usiku tatu kwa wiki, na daktari amesema niendelee hivyo, kwa sababu vizibo vinaanza kujengeka upya ukiacha. Nyota naipa nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya karatasi ya ndani ya kisanduku: imeandikwa Kiingereza tupu, kwa herufi ndogo, kwenye dawa ambayo mtu akikosea kipimo anababuka uso.