OONI Probe: kabla hujalaumu bando

Novemba 2024, mtihani wa kidato cha nne (KCSE) ukiendelea, Telegram ilizuiwa nchini Kenya. Hapa Kisumu, kutoka Kondele hadi Milimani, ni rahisi kudhani bando limeisha. OONI Probe, programu ya bure, inakata ubishi: inapima tovuti, WhatsApp, Telegram na Signal, kisha matokeo yanawekwa hadharani, ushahidi wa kuambatisha kwenye malalamiko.

Zima VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine) kwanza, la sivyo unapima mtandao wa watu wengine. Pima kwa data ya simu, halafu kwa Wi-Fi, ulinganishe. Kipimo cha kasi kinafyonza bando vibaya, kiache. Alama ya hitilafu pekee si ushahidi wa kuzuiwa, huenda seva imezimika tu. Rudia baada ya saa moja. Na ujue: jina la kampuni ya mtandao wako huchapishwa pia.