Uzoefu wangu: maboksi matatu ya risasi za .30-06, na moja ambalo bunduki yangu ililikubali

Msimu uliopita nilimlenga swala nyuma ya bega, mita kama 150, risasi ikaingia tumboni. Mimi na mjomba tulifuata damu hadi giza likatuzuia. Tulimpata asubuhi, fisi wameshapita. Usiku ule sikupata usingizi, kwa sababu kabla ya kuondoka Mwanza nilikuwa nimepiga risasi tatu kwenye karatasi, matundu yakakaribiana, nikaona mambo yako sawa.

Bunduki yangu inatumia risasi za saizi ya .30-06, ni ya boliti (unafungua na kufunga kwa mkono kila baada ya risasi), mtutu mwembamba wa kuwindia, darubini ya 3-9x40, yaani inakuza mara 3 hadi 9, lenzi ya mbele milimita 40. Rafiki yangu aliyefanya kazi Afrika Kusini alinieleza jinsi wawindaji wengi wa kule wanavyojijazia risasi: wanapima baruti kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya grein (kipimo cha uzito, kama gramu 0.065), wanabadilisha kina cha kichwa cha risasi ndani ya ganda, wanapiga, wanaandika, wanarudia hadi mtutu uukubali mchanganyiko mmoja. Hapa kwetu kutengeneza risasi ni kazi yenye leseni yake, si jambo la kufanyia mezani nyumbani, na naona ni sawa hivyo. Lakini somo lao nililichukua: kila mtutu una chakula chake. Basi nikanunua maboksi matatu ya kiwandani, yote ya kichwa laini (kinachopanuka kikimpiga mnyama), uzito wa kichwa grein 150, 165 na 180, nikaenda kuyajaribu.

Majina ya viwanda siyataji makusudi. Bunduki mbili za aina moja, zilizotoka kiwanda kimoja, zinaweza kukataana kwenye risasi ileile, kwa hiyo jina langu la ushindi lingeweza kukupoteza.

Nilipata nafasi kwenye uwanja wa shabaha nje ya jiji, saa moja asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuingia nchi kavu. Wakazi wa huku wanajua: kufika mchana upepo umeshapanda, na miamba nayo imeshika joto, ukitazama kwenye darubini karatasi inacheza kama iko chini ya maji. Bunduki niliilaza juu ya viroba viwili vya mchanga, mita 100, risasi tano kwa kila kundi, na kundi nikalipima kwa umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Kila baada ya kundi niliacha boliti wazi hadi mtutu upoe kiasi cha kushikika kwa mkono. Hapo ndipo uvumilivu unapohitajika. Asubuhi nzima inaishia kwenye risasi thelathini.

Grein 150, zile nilizowindia mwaka jana, zilianza vizuri sana. Tatu za kwanza zilikaa ndani ya sentimita 3. Ya nne ikatoka juu, ya tano ikaenda kulia, kundi likawa sentimita 8. Nikarudia, likaja 7. Nilisimama pale nikamkumbuka yule swala. Risasi tatu zilinidanganya kwa sababu tatu ni chache mno, bahati inatosha kuzikusanya.

Za 165 hazikunishangaza, sentimita 5 na 6. Za 180 ndizo zilizonyamazisha uwanja: sentimita 3.5, kisha 4. Rafiki alikuwa na kifaa cha kupimia kasi, na humo jibu likaonekana zaidi. Za 150 zilitofautiana mita 25 kwa sekunde kati ya ya haraka na ya polepole. Za 180 zilikuwa zikitoka karibu mita 820 kwa sekunde, tofauti mita 9 tu. Kwa mita 100 tofauti ya kasi huioni, ila kwenye mita 250 ile ya mita 25 inashusha risasi kama sentimita 3 zaidi, juu ya kundi ambalo tayari limetawanyika.

Kasoro za boksi la 180: zinanipiga bega kweli zikitoka, ni ghali kuliko za 150, na zilitua chini ya pale nilipokuwa nimeweka darubini, ikabidi nipandishe miguso sita (mguso ni hatua moja ya kitasa cha darubini). Darubini yangu kila mguso ni kama milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo ukibadilisha risasi bila kurudi kwenye karatasi unawinda kwa kubahatisha. Pia kaza skrubu za vishikio vya darubini kabla ya yote, la sivyo unapima ulegevu wa skrubu, hupimi risasi.

Naipa 180 nyota nne. Wiki iliyofuata nilirudi dukani na kitabu changu cha bunduki, nikasoma namba ya toleo (mkupuo uliotengenezwa pamoja kiwandani) pembeni mwa boksi, nikachukua mengine mawili yenye namba hiyohiyo. Yakikaribia kuisha nitarudi uwanjani, saa moja asubuhi, na toleo jipya nitalipigia tano, si tatu.