Kasha dogo zuri, waya wake umenitesa, na mhudumu akaniambia nimeshindwa kusoma

Nimekaa na kompyuta hii muda wa kutosha, hasira ilipaswa iwe imeshapoa. Haijapoa. Naandika kwa ajili ya yeyote anayepanga kuunda kompyuta ndogo ya mezani kwa bajeti ya kubana, na ambaye ameshaanza kulitupia jicho kasha kama hili.

Vipimo vyake, idadi ya feni, matundu ya USB, hayo yote yapo kwenye tangazo la bidhaa na sitayarudia. Shida yangu ni kitu kimoja ambacho tangazo halikukigusa: waya.

Makasha ya aina hii yanakuwa madogo kwa sababu kadi ya grafiki, ile inayotoa picha, haichomekwi moja kwa moja kwenye ubao mama, ule unaounganisha vifaa vyote. Inalazwa upande wa pili, ikipeana mgongo na ubao. Ili ifike huko inahitaji waya bapa, mpana kama mkanda, unaotoka kwenye sloti ya ubao, yaani tundu la kuchomekea kadi, na kukunjwa hadi nyuma. Mafundi wanauita riza. Kasha langu lilikuja na riza imeshafungwa kwa skrubu, na kusema kweli ndiyo iliyonifanya nilichague, kwa sababu ukiinunua peke yake hela inakwenda.

Mpango niliufanya kwa wiki nyingi, sikukurupuka. Ubao wa Mini-ITX, saizi ndogo niliyoichagua, ni milimita 170 kwa 170, una sloti moja tu ya kadi na kwa kawaida mbili za RAM (kumbukumbu ya muda), kwa hiyo RAM nilinunua vijiti viwili kwa mpigo maana pa kuongeza baadaye hapapo. Pawa saplai, inayogawa umeme, sikuibania, kwa sababu ikiharibika vibaya inaweza kuondoka na vingine. Feni iliyokuja na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa na kimo cha kama milimita 54 na isingeingia, nikatafuta ya milimita 37. Ubao mdogo kama huu ni ghali kuliko mkubwa, pengo hilo nikaliziba kwenye prosesa: nikachukua Ryzen 5 5600, ile isiyo na grafiki ya ndani, yaani bila kadi haitoi picha. Kumbukeni hilo, ndilo lililonifunga.

Usiku nilioiwasha mara ya kwanza, feni zilizunguka zote. Kwenye ubao kikawaka kitaa kidogo kilichoandikwa VGA, yaani shida iko upande wa picha. Kioo cha kompyuta cheusi. Nikabadilisha waya wa kioo, nikaazima kioo kingine, nikatoa RAM na kurudisha kijiti kimoja kimoja. Cheusi vilevile.

Nikawaandikia walioniuzia kasha. Jibu lilikuja haraka, na hilo nililifurahia wakati huo: "Ndugu mteja, kadi yako ya grafiki ni mbovu, irudishe ulikoinunua." Hawakuniuliza swali hata moja, si ubao gani, si prosesa gani. Nami nikaamini. Nikairudisha kadi, nikasubiri, nikaletewa nyingine. Kioo kikabaki cheusi. Aliyeniuzia kadi hakuwa na kosa lolote, alipokea mzigo wake na kunibadilishia bila neno, na mpaka leo naona haya kwamba nilimsingizia kadi nzima.

Mwishoni niliung'oa ubao wote kutoka kwenye kasha, nikaulaza juu ya boksi lake la karatasi, nikaichomeka kadi moja kwa moja kwenye sloti bila riza. Picha ikaja palepale. Nilikaa sakafuni nikiitazama ile picha nisijue nicheke au nilie.

Sababu yenyewe ni nyepesi ukishaijua. Ubao wangu, prosesa na kadi vyote vinaweza PCIe 4.0 (PCIe ni mfumo wa kupitisha data kati ya ubao na kadi, na namba ni kizazi chake), na riza ya kasha ilitengenezwa kwa ajili ya PCIe 3.0. Kutoka 3.0 kwenda 4.0 kasi ya kila njia inaongezeka maradufu, kutoka GT/s 8 (mapigo bilioni 8 kwa sekunde) hadi 16, na mawimbi ya kasi hiyo yanachakaa yakipita kwenye waya usioandaliwa kuyabeba. Ubao na kadi vinapokutana vinakubaliana kwenda 4.0 kwa kuwa kila kimoja kinaiweza. Waya katikati hauulizwi, na hauna namna ya kusema hauwezi. Dawa ni kuingia kwenye BIOS, programu ya mipangilio iliyomo kwenye ubao, na kuishusha sloti ile hadi Gen3, yaani 3.0.

Lakini kuingia BIOS kunataka picha, na picha yangu ilikuwa inapita kwenye waya uleule. Prosesa yangu haina picha yake. Ningekuwa nimechukua prosesa ya 5600G ningepona mara mbili: ina grafiki ya ndani, halafu yenyewe inaishia PCIe 3.0, kwa hiyo kasi ya 4.0 isingejaribiwa kabisa.

Nikawapigia simu. Sikuwa na ugomvi bado, nilitaka waiandike tu habari hiyo kwenye tangazo ili mwingine asipotelewe na wiki zake. Nikamuuliza mhudumu, riza yenu ni ya 3.0 au ya 4.0? Akanijibu, nayanukuu maneno yake kama yalivyokaa kichwani mwangu: "Ndugu, kompyuta ndogo si za watu wanaojifunza. Kama kitabu cha maelezo kinakushinda kusoma, nunua iliyoundwa tayari." Kitabu nilikuwa nimekishika mkononi. Ni kurasa chache za michoro ya skrubu. Hakina namba hiyo popote. Nilipoanza kumwambia hivyo alikuwa ameshakata.

Sasa nitende haki. Baada ya kuishusha sloti hadi Gen3 ubao ukiwa bado nje, nilikusanya kila kitu upya na kompyuta ikawaka bila shida. Michezo inakwenda vizuri na upungufu wa kasi siuoni kwa macho. Haina kelele. Imekaa pembeni ya kioo, inachukua nafasi ya vitabu vitatu vinene, na nimeshaibeba kwenye begi la mgongoni mara kadhaa. Chuma cha kasha ni kizuri, kila skrubu ilikubali kwa mkono mwepesi. Kuna siku niliitazama nikasema nitawapa nyota nne na yule mhudumu nimsamehe, labda alikuwa na siku mbaya.

Kisha nikasasisha BIOS. Kusasisha kwa kawaida kunafuta mipangilio, sloti ikarudi kwenye Auto, yaani ubao unajichagulia wenyewe, na kwangu Auto maana yake 4.0. Kioo cheusi tena. Nikafungua paneli zote, nikatoa kadi, nikatoa riza, nikautoa ubao, nikaulaza juu ya boksi, nikashusha, nikarudisha kila kitu. Jioni nzima. Na betri ndogo ya duara ya ubao ikichoka siku moja, huenda ikawa hivyohivyo. Kila ninapoiona kompyuta yangu nzuri najua imesimama juu ya mpangilio mmoja tu.

Kwa hiyo zile nyota nne nazifuta, nimebakisha mbili, na hizo ni za chuma. Anayelitaka kasha hili pamoja na haya yote, aulize riza ni ya kizazi gani, ajibiwe kwa maandishi kabla ya kulipa, na achukue prosesa yenye grafiki ya ndani. Mimi nimeshaagiza riza ya 4.0 kwa mtengenezaji mwingine. Ikifika, hii yao nitawatumia pamoja na kitabu chao, na nitamwomba mhudumu yule apige mstari chini ya sentensi niliyoshindwa kuisoma.